Gari Dogo kwenye Theluji: Namna ya Kuchagua Matairi

Wengi wetu tunaohamia nchi za baridi huanza na gari dogo. Yaris, Polo, Fiesta, Honda Fit, Corolla iliyokwisha kutembea: bei yake inabebeka, mafuta halili, na linaingia kwenye nafasi yoyote ya maegesho. Mara nyingi hununuliwa kiangazi, jua linawaka, na muuzaji hagusii habari ya matairi. Novemba ikiingia Minneapolis, Edmonton au Oslo, swali huanza kuzunguka msikitini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: kuna haja gani ya kununua matairi mengine na haya niliyo nayo bado yana meno?

Haja ipo, kama unaishi mahali ambapo joto hukaa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi kwa wiki nyingi na theluji hulala barabarani. Meno ni sehemu tu ya habari. Wakati wa baridi kinachokushikisha barabara kwanza ni ulaini wa mpira, na mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa kwa ajili ya lami yenye joto. Baridi ikizidi hukakamaa kama samli iliyoganda, na mpira uliokakamaa haujikunji kuingia kwenye vinyweleo vya lami. Tairi la baridi lina mchanganyiko mwingine, wenye silika nyingi, unaobaki laini hata nyuzi 20 chini ya sifuri.

Halafu litazame kwa karibu. Kila jino la tairi la baridi limechanjwa mikato myembamba, mingi sana. Tairi likigusa chini mikato hiyo hufunguka, kingo zake zikauma theluji, na ule utando wa maji ulio juu ya barafu hupata pa kukimbilia. Mifereji mipana nayo ina kazi ambayo wengi hawaitarajii: inajaza theluji kwa makusudi. Theluji hung'ang'ania theluji kuliko inavyong'ang'ania mpira, hivyo tairi lililojaa theluji kwenye mifereji yake hushika vizuri zaidi kuliko lililo safi.

Kosa la kawaida ni kupima tairi kwa namna gari linavyoondoka. Magari madogo mengi huendeshwa na magurudumu ya mbele, na injini imekaa juu ya magurudumu hayohayo. Kwa sababu hiyo huondoka vizuri kwenye theluji, hata kwa matairi mabovu, na dereva hujiona yuko salama. Kesi ni kusimama na kukata kona. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, ukikanyaga breki kwa nguvu, litasimama baada ya mita 12 au 13 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, likiwa na matairi mazuri ya baridi, tarajia mita 30 hadi 40. Kwenye barafu inayong'aa umbali huo unaweza kufika mita 100. Hapo bado hujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula karibu mita 14. Na ndugu yako mwenye gari kubwa la kuvuta magurudumu yote asikutishe. Mfumo wake unamsaidia kuondoka na kupanda mlima. Akikanyaga breki, kinachomzuia ni matairi manne, sawa na wewe, na uzito wake ni mkubwa zaidi.

Jambo jingine linalowashangaza wageni: siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri si lazima iwe ndiyo inayoteleza kuliko zote. Barafu iliyo karibu na sifuri, yenye maji juu yake, ni mbaya zaidi. Mwezi Machi, theluji inapoyeyuka mchana na kuganda tena usiku, huwapeleka watu mtaroni kwa wingi, hasa waliokwisha kuvua matairi ya baridi kwa kuwa jua limewadanganya.

Soma ubavu wa tairi

Ukifika dukani, au ukitumiwa picha na mtu anayeuza, usianze na jina la kampuni. Anza na alama. Unatafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo ilianzishwa Amerika ya Kaskazini mwaka 1999, na tairi haliruhusiwi kuibeba mpaka lijaribiwe kwenye theluji na kushika vizuri kuliko tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa.

Herufi M+S ni habari nyingine kabisa. Maana yake ni matope na theluji, lakini hazidai jaribio lolote. Mtengenezaji huzipiga kwa kutazama tu umbo la meno. Matairi mengi ya "misimu yote" yanayokuja na magari Marekani na Kanada yana M+S bila mlima. Kwa Atlanta yanatosha. Kwa Winnipeg mwezi Januari hayatoshi, hata muuzaji aape. Ujerumani ilikwisha kuyakataa kisheria: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, tairi lisilo na mlima na chembe ya theluji halihesabiki huko kuwa la baridi.

Ulaya kuna alama ya tatu. Tangu Mei 2021 karatasi rasmi inayobandikwa kwenye tairi jipya huweza kuwa na mchoro wa barafu kando ya ule wa mlima. Wenye mlima unasema tairi limefaulu kwenye theluji. Wenye barafu unasema limefaulu kwenye barafu. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayeishi Sweden, Norway au Finland, nami nitaieleza baada ya kidogo.

Sasa vipimo. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye vipimo vya tairi, kwa mfano 175/65 R15 84T. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. R15 ni rimu ya inchi 15. 84 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, yaani kilo 500, na T ni mwendo wa juu, kilomita 190 kwa saa. Kwenye matairi ya baridi utakutana pia na Q, ambayo ni 160. Herufi ya mwendo inaweza kushuka kwa tairi la baridi, maana hakuna mwenye akili timamu atakayekwenda 160 kwenye theluji. Ujerumani watataka uweke kibandiko cha kukukumbusha mbele ya usukani. Namba ya uzito isishuke kabisa. Wanaojaza gari watu watano na mizigo ya harusi wanajua kwa nini nasema hivyo.

Mwisho tafuta neno DOT na tarakimu nne zinazomalizia. 3623 ni wiki ya 36 ya mwaka 2023. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa la zamani.

Jembamba ni zuri

Hapa mwenye gari dogo ana bahati. Tairi jembamba hukata theluji na rojo ya theluji inayoyeyuka likafika chini, wakati pana huelea juu yake. Kwa hiyo, kati ya vipimo vyote ambavyo mtengenezaji ameruhusu kwa gari lako, chagua chembamba chenye rimu ndogo. Mfano mzuri ni Yaris ya kizazi kilichoanza 2011, ile inayoitwa Vitz huko nyumbani. Baadhi zilitoka na 195/50 R16, nyingine 175/65 R15. Kimo cha gurudumu zima kinakaribiana, hivyo spidomita haipotoki sana, lakini 175 ni jembamba, lina ubavu mrefu unaovumilia mashimo yaliyofichwa na theluji, linaacha nafasi ya minyororo kama itahitajika, na kwa kawaida bei yake iko chini. Hakikisha tu kwamba rimu ndogo inaingia juu ya breki za gari lako hasa, maana matoleo yenye breki kubwa huikataa. Kitabu cha gari kitakuambia, na Ujerumani hati za gari ndizo zitakazoamua.

Mimi hushauri kununua rimu za pili, zile nyeusi za chuma zisizo na urembo. Gharama yake inauma mara moja. Baada ya hapo, kila Oktoba na kila Aprili huhitaji kumlipa fundi avue tairi kwenye rimu na kuvisha jingine na kulibalansi. Unafungua nati na kubadili gurudumu zima, hata uani kwako kwa jeki na spana. Tena chumvi inayomwagwa barabarani hula rimu za aluminiamu, na afadhali ile chuma. Kumbuka vihisio vya upepo: magari ya Marekani tangu toleo la 2008, na magari mapya ya Ulaya tangu Novemba 2014, yana mfumo wa kupima upepo, na mengi yanataka kihisio ndani ya kila gurudumu. Uliza bei yake kabla ya kufunga mkataba.

Baridi yako ni ipi?

Hakuna tairi moja la baridi linalofaa kila mji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Ukiwa Minnesota, Manitoba, Alberta, Quebec, Finland au kaskazini mwa Sweden, barabara hukaa nyeupe kwa miezi na baridi ni kali. Unataka tairi laini la aina ya Skandinavia, lisilo na misumari, lililotengenezwa kwa ajili ya barafu. Bridgestone Blizzak, Michelin X-Ice na Nokian Hakkapeliitta zimo katika kundi hili. Hiyo ya mwisho ina historia: kampuni ya Kifini ilitoa tairi la kwanza la baridi, la malori, mwaka 1934, na Hakkapeliitta ya magari madogo ikafuata 1936. Udhaifu wa kundi zima ni kwamba kwenye lami yenye maji na joto la nyuzi 8 au 10 mpira wake ni laini mno, gari linapepesuka, na breki hurefuka.

Ndiyo maana mkazi wa Köln, Brussels au Vienna asinunue tairi hilo hata akilipata kwa bei ya kutupa. Baridi ya huko ni mvua, rojo, theluji ya siku tatu, halafu mvua tena. Kwake kuna tairi la baridi la aina ya Ulaya ya kati, gumu kidogo, lenye mlima lakini kwa kawaida bila ile alama ya barafu. Anayeagiza kwenye mtandao kutoka nchi nyingine ya Ulaya aangalie sana hapa, kwa sababu majina ya matoleo hufanana.

London, Vancouver mjini, au miji ya pwani ambako theluji ni mgeni wa siku chache, tairi la misimu yote lenye alama ya mlima linatosha, nawe hubadilishi chochote mwaka mzima. Michelin ilisukuma sana soko hilo kwa CrossClimate mwaka 2015, na kampuni nyingine zikafuata. Usilitegemee Calgary.

Misumari nayo ina wapenzi wake. Kwenye barafu tupu karibu na sifuri hakuna tairi linaloishinda. Lakini inapiga kelele, inachimba lami na kutimua vumbi, na sheria zake hutofautiana: Ujerumani hairuhusiwi, Minnesota wakazi hawaruhusiwi, Ontario inakubaliwa kaskazini tu, na Oslo unalipa ada ili uingie nayo mjini. Kama nyumba yako iko shamba huko Norway au Finland, kwenye kilima kisichomwagwa chumvi, ifikirie. Mkaaji wa mjini haihitaji.

Sheria za matairi ya baridi zenyewe usizisikilize kwa jirani. Quebec ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. British Columbia barabara nyingi za milimani zinayataka kuanzia 1 Oktoba. Sweden ni 1 Desemba hadi 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi. Ujerumani haina tarehe: ukikutwa kwenye theluji au barafu bila matairi yanayotakiwa, faini ni euro 60 na alama moja kwenye rekodi yako. Uingereza haina sheria hiyo kabisa. Ontario, tangu Januari 2016, kampuni za bima zinalazimika kumpunguzia malipo mwenye matairi ya baridi, na wengi wetu tunaliacha punguzo hilo kwa kutouliza. Mpigie wakala wako.

Manne, usikubali mawili

Kutakuwa na mtu wa kukushauri ununue mawili ya mbele, kwa kuwa ndiyo yanayovuta. Mkatalie. Mbele kukishika na nyuma kukateleza, siku utakayokanyaga breki kwenye kona, mkia wa gari utapita mbele ya pua yake, na dereva wa kawaida hana namna ya kulirudisha. Mawili mapya mbele ni hatari kuliko manne yaliyochakaa sawasawa. Kama pesa haitoshi kwa manne mapya ya kampuni kubwa, nunua manne ya kampuni ya kati yenye alama ya mlima, au manne yaliyotumika.

Kwa yaliyotumika, nenda mchana ukiwa na kipimo cha kina cha meno, hakigharimu kitu. Tairi jipya la baridi lina milimita 8 hadi 9. Sheria nyingi huruhusu ufike 1.6, Sweden, Norway na Finland zinataka 3 wakati wa baridi, Austria 4, na Austria ndiyo yenye akili: chini ya 4 tairi la baridi limekwisha kazi. Ukiwa Ulaya bila kipimo, chomeka sarafu ya euro 2. Ule ukingo wa fedha una upana wa karibu milimita 4, na ukionekana wote, achana na tairi hilo. Mimi nisingenunua lililo chini ya 6, maana nataka misimu miwili. Minya mpira kwa kucha: ukiwa mgumu kama wa tairi la kiangazi, liache hata kama meno yamejaa. Tazama nyufa ubavuni na tarehe ya DOT. Likivuka miaka sita, bei iwe ya kuchekesha, la sivyo ondoka zako.

Nunua Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Theluji ya kwanza ikianguka, kila gereji ya mji hujaa, vipimo vya magari madogo huisha rafuni, na utapewa miadi ya wiki tatu mbele.

Kufunga na kutunza

Kama tairi lina mshale ubavuni, uelekee upande gari linakokwenda. Inaonekana rahisi, lakini mafundi wenye haraka hukosea, kwa hiyo zunguka gari ukague kabla ya kulipa. Kaza nati kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, halafu zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Hili la kukaza upya watu hulipuuza sana, na magurudumu hung'oka kweli.

Upepo hupungua kwa baridi, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto linaloshuka. Tairi ulilojaza psi 33 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 itasoma kama 26 nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Pima kila mwezi, asubuhi kabla hujaendesha. Ile nadharia ya kupunguza upepo ili tairi litandazike na kushika zaidi, waachie wanaokwama mchangani. Na pancha ikitokea kwenye gurudumu la mbele, tairi jembamba la akiba usilifunge mbele: lifunge nyuma, lile zima la nyuma ulipeleke mbele, kisha utambae polepole hadi kwa fundi.

Gari dogo lina tumbo la chini, na hakuna tairi linaloliinua. Theluji ikifika kimo cha bampa, subiri gari la kusukuma theluji lipite.

Joto likisharudi juu ya nyuzi 7, hata usiku, yavue. Andika kwa chaki kila moja lilikuwa wapi ili mwakani ya mbele yaende nyuma. Yenye rimu yapange moja juu ya jingine mahali pakavu penye giza. Yasiyo na rimu yasimamishe.

Neno moja kwa walio nyumbani, na kwa mnaowatumia magari. Japani ilipiga marufuku matairi ya misumari kwa sheria ya mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi la lami, na kuanzia hapo maeneo yake ya theluji yanategemea matairi laini yasiyo na misumari, yenye neno STUDLESS ubavuni. Magari yaliyotumika yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam mara kwa mara huja nayo, na mnunuzi hufurahia meno yake marefu. Kwenye lami ya joto la nyuzi 32 mpira huo huisha haraka, hupepesuka kwenye mwendo wa barabara kuu, na breki zake ni ndefu kuliko za tairi la kawaida. Ukiliona neno hilo kwenye gari unalolinunua Dar, ingiza matairi manne mapya kwenye bei kabla ya kukubaliana, na usisafiri nalo Morogoro mpaka uyabadilishe.